Chanjo ya Korona na Mgawanyiko wa Wamarekani

Mnamo tarehe 14 Desemba, 2020, Marekani ilianza kuwachanja wananchi wake dhidi ya Uviko-19. Wengi walihofu kwamba Wamarekani Weusi wangeikataa chanjo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tangu 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali iliwachunguza wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende bila ya kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Waliotendewa hivyo hawakosi sababu ya kushuku.

Kweli, mwanzoni Weusi walikuwa nyuma. Baadaye chanjo ilipelekwa makanisani, na vinyozi wakafundishwa kuizungumzia na wateja wao. Kufikia Septemba 2021 uchunguzi wa shirika la KFF ulionyesha kwamba watu wazima waliopata angalau dozi moja walikuwa asilimia 71 kwa Weupe na 70 kwa Weusi.

Pengo la siasa halikuzibika. Katika uchunguzi ule ule, wafuasi wa chama cha Democratic walikuwa asilimia 90, na wale wa Republican 58 tu. Ajabu ni kwamba mpango wa kuharakisha chanjo ulianzishwa mwaka 2020 na serikali ya Rais Trump, ambaye mwenyewe ni wa Republican!

Hapa mwanafunzi wa hesabu awe mwangalifu. Wazee walichanjwa kwa wingi kuliko vijana, nao wafuasi wa Republican, kwa wastani, wana umri mkubwa zaidi kuliko wapinzani wao. Kama umri pekee ungeamua, Republican ndio wangeongoza. Kwa hiyo umri haukulikuza pengo hilo. Yamkini ulificha sehemu yake.

Madhara yake yalipimwa kwa vifo vya ziada, yaani vile vinavyozidi idadi ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulichambua vifo zaidi ya 538,000 vya majimbo ya Ohio na Florida, ukilinganisha watu wa rika moja na wilaya moja. Kabla ya chanjo kuenea, tofauti baina ya vyama ilikuwa ndogo. Baada ya watu wazima wote kuruhusiwa kuchanjwa, kiwango cha vifo vya ziada kwa Republican kilizidi kile cha Democratic kwa asilimia 43, hasa katika wilaya zilizochanja watu wachache. Hata hivyo, watafiti hawakujua ni marehemu yupi alichanjwa na yupi hakuchanjwa. Walijua chama chake, umri wake na wilaya yake.