Kibao cha Kuchorea Kinapokataa Kazi: Somo la Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Mwalimu wa sanaa aliyebahatika kupata kibao cha kuchorea cha kielektroniki, kile kinachounganishwa na kompyuta ili mchoro wa kalamu utokee katika kioo, hapana budi ajiandae kwa siku ambayo kibao hicho kitakataa kazi darasani. Aghalabu hitilafu yenyewe huwa ndogo. Lakini namna mwalimu anavyoikabili mbele ya wanafunzi ni somo tosha, na nionavyo mimi ni somo ambalo sisi wakufunzi hatujalitilia mkazo ipasavyo. Makala haya yanaeleza jinsi linavyoweza kufundishwa.

Katika chuo kimoja hapa mkoani Singida, vibao viwili vilikaa kabatini muhula mzima vikiwa vimebandikwa karatasi yenye neno «kibovu». Vilipochunguzwa, kimoja kilihitaji kubadilishiwa mpangilio mmoja tu katika programu ya kuchorea, na cha pili waya wake ulikuwa umelegea. Hasara ya fedha ilikuwa dhahiri. Hasara iliyokuwa kubwa zaidi haikuandikwa popote: wanachuo waliovitumia vibao hivyo kabla havijafungiwa walikwisha kuambiwa kwamba mikono yao ni mizito, kwa kuwa mistari yao ilitoka minene pote bila kupungua wala kuongezeka. Mwanachuo anayechora majabali ya Singida kwa kibao kisichosikia uzito wa mkono hawezi kutia kivuli kwa kukandamiza na kulegeza kalamu, hata awe hodari namna gani. Kumpa alama hafifu kwa sababu hiyo ni kukisahihisha kibao, si mtu.

Kabla ya kuingia darasani, mkufunzi yampasa aelewe njia ambayo mstari hupitia. Chini ya uso wa kibao pana wavu wa nyaya nyembamba unaotoa uga wa sumaku. Katika vibao vingi vya siku hizi kalamu haina betri; ndani yake mna koili inayopokea nguvu kutoka katika uga huo na kukirudishia kibao ishara. Kwa ishara hiyo kibao hutambua kalamu iko wapi na ncha yake imekandamizwa kwa nguvu kiasi gani. Habari hizo husafiri kwa waya hadi kwenye kompyuta, zikapokewa na programu endeshi, ambayo mafundi huiita draiva, zikapitia mfumo wa kompyuta, na mwisho zikaifikia programu ya kuchorea kama vile Krita au GIMP. Programu hizi mbili hupatikana bila malipo, na jina Krita ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki, jambo ambalo walimu hawatakosa kulifurahia. Kwa hiyo vituo ni sita: kalamu, kibao, waya, draiva, mfumo na programu. Vichorwe ubaoni kwa mfuatano huo, na mchoro usifutwe mpaka kipindi kiishe.

Swali la kwanza ambalo wanachuo wazoezwe kuuliza ni hili: Je, kalamu inakataa kila mahali, au inakataa katika programu moja tu? Jibu hupatikana kwa kufungua programu ya pili ya kuchorea na kurudia mstari ule ule. Ikiwa ugonjwa upo katika programu zote, uchunguzi uelekezwe kwenye vituo vya mwanzo. Ikiwa upo katika moja tu, waya na kalamu viachwe kwa sasa, na mipangilio ya programu hiyo ndiyo itazamwe. Kwa swali moja nusu ya kazi imepungua.

Ipo desturi ya kuiondoa draiva na kuiweka upya mara tu kibao kinapoyumba. Desturi hii siipendi kama hatua ya kwanza. Hufuta ushahidi kabla haujasomwa, na aghalabu huhitaji intaneti, ambayo mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali huenda asiipate siku hiyo. Hata pale inapofaulu, hakuna aliyejua kilichokuwa kimeharibika, na juma lijalo kazi huanza upya. Mahali pake halisi ni pale kompyuta moja inapokuwa na draiva mbili za watengenezaji tofauti, kwa mfano kibao cha zamani kilipobadilishwa na draiva yake ikasahauliwa. Draiva hizo huweza kugombana. Dawa ni kuziondoa zote mbili, kuwasha kompyuta upya, kisha kuweka ile inayohusika peke yake.

Hitilafu inayowapotosha watu kuliko zote ni ile ya kupotea kwa mkandamizo. Kishale kinafuata kalamu vizuri, mstari unachorwa, lakini unene haubadiliki, mtu akikandamiza au akilegeza. Wanachuo husema kibao ni kizima kwa sababu kishale kinatembea. Hapa mkufunzi aeleze kwamba mahali ilipo kalamu na uzito wa kalamu ni habari mbili mbalimbali. Katika mfumo wa Windows habari za kalamu zaweza kupita milango miwili: ule wa zamani uitwao Wintab, na ule wa Windows Ink. Ikiwa draiva inapeleka habari kwenye mlango mmoja na programu ya kuchorea inasubiri kwenye mwingine, programu huenda isipate ila mwendo wa kishale, kana kwamba mtu anatumia kipanya. Na kipanya hakina uzito. Ni kama mgeni anayebisha hodi uani huku mwenyeji amekaa barazani.

Katika Krita mlango huchaguliwa ndani ya mipangilio ya programu, sehemu inayohusu kibao; baada ya kubadilisha, programu ifungwe na kufunguliwa tena. Katika draiva nyingi pia mna kisanduku cha kuruhusu au kuzuia Windows Ink. Pande hizo mbili sharti zikubaliane. Sehemu hiyo hiyo ya Krita ina uwanja wa majaribio ambao huandika kila mguso wa kalamu pamoja na asilimia ya mkandamizo wake. Kifaa hiki ni cha thamani kubwa kwa ufundishaji, maana mwanachuo huona kwa macho yake kama namba zinapanda na kushuka. Zikipanda na kushuka, basi vituo vyote vya awali ni vizima, na kosa limo katika brashi iliyochaguliwa: baadhi ya brashi hazikupangwa kubadilisha unene, na pia ipo alama ya kuzima mkandamizo ambayo huguswa kwa bahati mbaya. Kwa wanaotumia GIMP toleo la 2.10, waangalie orodha ya vifaa vya kuingizia. Kalamu isiporuhusiwa pale haitasikika uzito wake.

Hitilafu nyingine humpata hasa mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye anayeunganisha projekta. Kompyuta ikiihesabu projekta kuwa kioo cha pili kilichopanuliwa, draiva yaweza kukitandaza kibao juu ya vioo vyote viwili. Mkono ukienda kidogo, kishale kinaruka mbali. Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama: weka kifuniko cha chupa juu ya kibao, ukizungushie kalamu. Duara ikitokea kama yai, kibao kimetandazwa vibaya. Draiva iagizwe kutumia kioo kimoja, au projekta iwekwe ionyeshe kile kile kilichomo katika kioo cha kompyuta. Mwalimu afanye kipimo hiki kabla wanafunzi hawajaingia.

Mengine nayapitia upesi. Mstari unaochelewa kuanza, na mduara mdogo ukatokea kwenye ncha, kwa kawaida husababishwa na Windows kusubiri ione kama mguso ni wa kitufe cha kulia. Uamuzi huo huzimwa katika mipangilio ya kalamu. Kishale kinachotetemeka bila sababu kwaweza kuwa kazi ya meza ya chuma au sumaku iliyo karibu. Kibao kinachopotea na kurudi kichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta badala ya kugawana tundu na vifaa vingine. Na kalamu inayochora ikiwa bado hewani, ichomolewe ncha na kusafishwa: wakati wa kiangazi upepo wa kwetu hujaza vumbi kila mahali, na ncha iliyokwama ndani hukiambia kibao kwamba inakandamizwa daima.

Sasa juu ya uendeshaji wa somo. Vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha. Kabla ya somo mkufunzi atege hitilafu moja isiyo na madhara katika kila kompyuta: hapa abadilishe mlango wa Krita, pale atandaze kibao kwenye vioo viwili, kwingine achague brashi isiyobadilika unene. Asilegeze waya kwa makusudi, kwani matundu huchakaa. Kila kundi la wanachuo wanne au watano lichore jabali moja lenye upande wa jua na upande wa kivuli, kisha liandike katika daftari mambo matatu: tuliona nini, tulibadilisha nini, kikatokea nini. Sheria ni moja, nayo isilegezwe: badiliko moja tu kwa wakati mmoja, na lisipofaa lirudishwe lilivyokuwa kabla ya kujaribu la pili. Wanachuo wepesi wa vidole ndio huivunja zaidi. Hubofya huku na huku mpaka kibao kinapona, wakashangilia, na wakiulizwa kilichokiponya hawana la kujibu. Kundi la namna hiyo lihesabiwe kuwa halijamaliza.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulidai elimu imjengee mwanafunzi akili ya udadisi, nasi huutaja mara nyingi katika mihadhara ya falsafa ya elimu. Karakana ya kompyuta ni mahali pazuri pa kuutekeleza, ikiwa mkufunzi atajizuia kunyoosha mkono na kurekebisha mwenyewe. Aulize tu: Mko kwenye kituo cha ngapi? Mmejuaje kwamba cha nyuma yake ni kizima?

Daftari za makundi zikusanywe na kusahihishwa kwa kufuata mfuatano wa uchunguzi, hata kwa kundi ambalo muda ulikwisha kabla halijafaulu. Michoro ya siku hiyo isipewe alama. Kibao ambacho kimepita vituo vyote sita na bado kimekataa kipelekwe kwa fundi pamoja na nakala ya daftari, ili fundi aanzie pale wanachuo walipoishia. Na mpaka kirudi, mwanachuo aliyekuwa akikitumia achore jabali lake kwa penseli na karatasi, asahihishwe kwa mchoro huo.