Saa za Mahudhurio: Kwa Nini Tuzihesabu kwa Wiki?

Daftari la mahudhurio huitwa asubuhi. Mwanafunzi akiitika, huandikwa kuwa yupo siku nzima, hata kama ataondoka saa nne. Kwa hiyo daftari hilo huhesabu siku, wala halihesabu saa za masomo. Katika makala haya tutaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuzihesabu saa hizo, na kwa nini hesabu hiyo yafaa ifanywe kila wiki.

Tuchukue shule yenye vipindi 8 kwa siku, kila kimoja dakika 40. Kwa wiki ni vipindi 40. Katika programu ya majedwali, kila mwanafunzi hupewa mstari mmoja. Safu tano za kwanza ni za Jumatatu hadi Ijumaa, na ndani yake huandikwa idadi ya vipindi alivyohudhuria. Safu ya sita hujumlisha. Ya saba hugawanya jumla hiyo kwa vipindi vilivyofundishwa, kisha huzidisha kwa 100 ili kupata asilimia.

Sasa twende Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Katika ziwa hilo dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga. Mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa. Hivyo uvuvi hushamiri wakati wa giza. Mzunguko wa mwezi huchukua siku 29 na nusu hivi.

Tuwabuni wanafunzi wawili wa pwani hiyo. Katika wiki nne, wa kwanza alihudhuria vipindi 40, 38, 22 na 24. Wa pili alihudhuria 31 kila wiki. Jumla ya kila mmoja ni 124 kati ya 160, yaani asilimia 77.5. Kila mmoja amekosa vipindi 36, sawa na saa 24. Taarifa ya mwezi itasema kwamba wanafunzi hawa ni sawa.

Lakini sivyo. Wa kwanza hupungua katika wiki za giza. Huenda anavua usiku au anasaidia kuanika dagaa asubuhi. Wa pili hukosa kidogo kidogo daima. Huenda anaishi mbali au ni mgonjwa. Kwa kuwa mwezi mmoja wa kalenda humeza karibu mzunguko wote wa giza na mbalamwezi, jumla yake huuficha mtindo huo. Wiki huufichua, tena mapema, mwalimu angali na nafasi ya kuzungumza na mzazi.

Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, nafasi tupu si sifuri: kipindi ambacho hakikufundishwa kisihesabiwe kuwa utoro. Pili, tarakimu huonyesha lini mwanafunzi hakuwapo. Kwa nini hakuwapo, sharti aulizwe mwenyewe. Mahali pasipo na kompyuta, karatasi ya miraba na penseli hutosha.

Zoezi: Wiki moja ilikuwa na sikukuu ya siku moja. Mwanafunzi alihudhuria vipindi 28. Tafuta asilimia yake. Je, mwenzako aliyepata 70 amekosea wapi? (Jibu: 87.5, amegawanya kwa 40 badala ya 32.)