Mti mkongwe wenye mvungu: tuukate au tuutunze?

Katika viwanja vingi vya parokia, shule na zahanati kuna mwembe au mkuyu mkubwa ambao watu hukutania chini yake. Siku inapogunduliwa kuwa shina lina mvungu, kamati hugawanyika: wengine wanataka msumeno, wengine saruji. Kukata ovyo kunatunyima kivuli ambacho mche mpya hautakirudisha kwa miaka mingi. Kuacha ovyo kunaweza kuua mtu. Katika somo hili tunajifunza namna ya kuamua.

Mti huishi kwa sehemu ya nje

Kiini cha shina kubwa ni mbao iliyokwisha kufa. Kazi yake ni kuusaidia mti kusimama. Maji hupanda katika mbao hai iliyo karibu na gome, na chakula kutoka kwenye majani hupita katika gome la ndani. Ndiyo maana mti ambao kiini chake kimeliwa na kuvu unaweza kuendelea kuzaa.

Tusijaze saruji

Zamani ilikuwa kawaida kukwangua uozo na kujaza saruji. Katika miaka ya 1970 mtafiti Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alionyesha kuwa mti hujenga kizuizi kati ya sehemu iliyooza na sehemu nzima. Tukikwangua hadi kwenye mbao nzima, au tukitoboa tundu la kutolea maji, tunavunja kizuizi hicho. Saruji nayo haipindi mti unapoyumba kwa upepo, na hushika unyevu ndani. Vilevile tusiwashe moto ndani ya mvungu kwa ajili ya kufukuza nyuki.

Tupime kwanza

Zungusheni kamba kwenye shina, kisha gawanyeni urefu wake kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 314 ni kipenyo cha sentimita 100. Pimeni upana wa mvungu kwa fimbo, si kwa mkono, kwani huenda kuna nyoka. Ukiwa sentimita 60 na uko katikati, ukuta uliobaki ni sentimita 20 kila upande.

Wataalamu hukadiria kuwa mbao nzima isipungue theluthi moja ya nusu kipenyo. Hapa ni kama sentimita 17. Gome na mbao laini iliyooza visihesabiwe. Mdomo wa mvungu ukiwa mpana, shina ni dhaifu zaidi. Kipimo hiki hakifai kwa mbuyu, ambao mbao yake ni laini na yenye maji mengi.

Dalili za hatari

Zuieni watu kukaa chini ya mti na mwiteni afisa misitu mkiona:
- uyoga unaota kwenye shina au mizizi;
- udongo umeinuka upande mmoja;
- mti umeanza kuinama;
- ufa mpya kwenye shina.

Matunzo

1. Msichimbe mtaro wala msingi karibu na mizizi, na msiegeshe magari chini ya mti.
2. Tandazeni majani makavu juu ya mizizi, lakini yasiguse shina.
3. Punguzeni kidogo ncha za matawi marefu ili upepo usiwe na nguvu. Msikate kilele chote. Makovu makubwa ni milango ya uozo.
4. Rudieni kupima kila mwaka kabla ya masika, na mwandike vipimo katika daftari la kamati.

Kwa wafadhili wetu: kamba, fimbo na daftari si ghali. Gharama ni fundi stadi wa kupogoa, nayo ni vizuri iingizwe katika bajeti ya mradi pamoja na miche.

Maswali ya kujadili

- Ni shughuli gani hufanyika chini ya mti wetu mkubwa? Zinaweza kuhamishiwa wapi siku za upepo mkali?
- Nani atapima, na nani atatunza daftari?
- Je, tumeshapanda mti utakaorithi nafasi yake?