Siagi na Samli Katika Joto la Mombasa

Mama wa Majengo atengenezaye siagi nyumbani hushindwa na joto, si kazi. Kilo 1 ya siagi yahitaji maziwa kadiri ya lita 20, basi hasara si ndogo. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu. Yachemsheni kwanza, yapoe, ndipo muengue malai. Yatieni katika chupa safi, isizidi nusu, nayo chupa ikae katika maji ya barafu. Kisha itikiseni. Malai yenye joto huwa mafuta tu, hayashikani. Punje zikitokea, mimineni mtindi (msiumwage, wanyweka), mkaoshe siagi kwa maji baridi yaliyokwisha chemshwa. Siagi isiyowekwa barafuni huharibika upesi. Afadhali muipike kwa moto mdogo mpaka maji yaishe na mashapo yatue. Ichujeni: hiyo ndiyo samli, nayo hukaa miezi.