Taa ya friji inawaka, lakini je, friji yenyewe ni nzima?



Ndugu msomaji, kila baada ya Idd el-Hajj, na katika kumi la mwisho la Ramadhani pia, sisi tunaokaa chumba cha kupokea wagonjwa tumezoea maelezo ya aina moja. Familia nzima imetapika usiku kucha. Mama akiulizwa walikula nini, hujibu: "Nyama tu, tena ilikuwa kwenye friji." Akishataja friji, kwake mjadala umekwisha. Wengine huenda mbali zaidi, wakamtuhumu jirani aliyeleta sahani ya pilau. Kumbe jirani wa watu hana kosa. Mtuhumiwa yuko palepale jikoni, taa yake inawaka, ananguruma vizuri, na ndani yake joto ni nyuzi 12 au 14.

Friji iliyokufa kabisa haina hatari kubwa, kwa sababu kila mtu nyumbani anajua imekufa na chakula kitatolewa siku hiyo hiyo. Hatari iko kwa friji iliyo nusu hai. Taa na ubaridi ni vitu viwili tofauti: taa inahitaji umeme tu, lakini ubaridi unahitaji kompresa, gesi, mabomba safi na mlango unaofunga sawasawa. Kimojawapo kikilegea, taa itaendelea kuwaka kama kawaida.

Kwanza ipime

Katika zahanati, friji ya chanjo haiaminiwi kwa macho. Ndani yake kuna kipimajoto, na kinasomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, hata siku ya sikukuu. Haitakiwi kushuka chini ya nyuzi 2 wala kupanda juu ya nyuzi 8. Friji ya chakula nyumbani inatakiwa iwe nyuzi 5 au chini kidogo, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Tafuta kipimajoto cha friji, kiweke ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, kilale humo usiku, ukisome asubuhi kabla watoto hawajaanza kufungua mlango. Kile cha kupimia homa hakifai kwa kazi hii, kwani hesabu yake huanzia kama nyuzi 35.

Kwa nini tunang'ang'ania nyuzi 5? Kwa sababu bakteria wengi wanaosumbua tumbo huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, na wakipata joto linalowafaa, mmoja anaweza kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Baridi haiwaui, inawachelewesha tu. Wapo hata wanaoendelea kukua polepole ndani ya baridi. Mmojawao ni listeria, anayeweza kuharibu mimba, na ndiyo maana mjamzito asile kiporo cha siku nyingi, hata kama friji ni mpya.

Hapa ndipo husikika ile hoja maarufu: "Nitakichemsha tena." Ndugu zangu, moto unaua bakteria, lakini baadhi ya sumu walizokwisha kuziacha haziondoki kwa moto. Mpishi mwenye kidonda au jipu mkononi anaweza kuacha katika nyama bakteria ambao sumu yao inastahimili kuchemshwa. Wali uliokaa nje tangu adhuhuri hadi usiku nao una bakteria wake wa namna hiyo. Na kwa watu wa pwani, angalieni sana jodari na vibua. Samaki hawa wakikosa baridi ya kutosha hujenga kemikali iitwayo histamini, ambayo haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Aliyeila huwashwa, uso hubadilika kuwa mwekundu, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, kisha hujitangazia kwamba ana mzio wa samaki maisha yake yote. Mara nyingi si mzio wa samaki. Ni baridi iliyokosekana, ama sokoni ama nyumbani.

Unayoweza kutengeneza mwenyewe

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi ukutani. Usiseme "nimezima swichi" ukaridhika. Mikono iwe mikavu, na miguuni vaa ndara.

Anza na kile kidude cha kuzungusha chenye namba. Wengi hudhani namba kubwa ni joto zaidi. Katika friji nyingi ni kinyume chake: namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Nyumba nyingine husumbuliwa kwa mwezi mzima kwa sababu mtoto amezungusha kidude mpaka 1.

Kisha mpira wa mlango. Chukua kipande cha karatasi, kibane kwa mlango, kivute. Kikitoka bila kukaza, hapo baridi inavuja na joto linaingia. Fanya hivyo kuuzunguka mlango wote. Mara nyingi tatizo ni uchafu: sharubati iliyomwagika, mafuta, ukungu mweusi kwenye mikunjo. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tumia mswaki wa zamani kwenye mikunjo, kausha. Mpira uliokakamaa hulainika kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, lakini uliochanika haudanganywi, unabadilishwa. Hakikisha pia miguu ya mbele imeinuliwa kidogo kuliko ya nyuma, mlango ujirudie wenyewe.

Nyuma ya friji nyingi kuna wavu wa mabomba meusi. Kazi yake ni kutoa nje joto lililotolewa ndani. Ukifunikwa na vumbi na mafuta ya jikoni, au friji ikisukumwa mpaka ikagusa ukuta, joto halina pa kwenda na kompresa hufanya kazi bila kupumzika. Pangusa kwa brashi kila baada ya miezi michache, acha nafasi ya kama sentimita 10 ukutani, na usifanye sehemu ya juu kuwa kabati la magazeti. Friji zisizo na wavu huo huficha mabomba katika ubavu, kwa hiyo ubavu ukiwa wa moto kiasi usishtuke.

Barafu inayojengeka kwenye kuta za friza nayo ni ugonjwa, kwani barafu nene hufanya kazi kama blanketi. Ikifika unene wa nusu sentimita hivi, zima, toa vitu, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani, subiri. Usichokoe kwa kisu! Bomba la ubaridi liko nyuma ya bati jembamba, na tundu dogo kama la sindano linatosha kuimaliza gesi yote. Akina mama wengi wameua friji nzima kwa kisu cha kumenyea viazi.

Friji zile zisizojenga barafu, zenye feni ndani, zina dalili yake: friza inagandisha lakini chini ni joto. Angalia kwanza kama matundu ya hewa hayajazibwa na mifuko. Kama yako wazi, chomoa na uache milango wazi siku nzima. Ikipona kisha baada ya wiki moja au mbili ikarudia, basi kile kifaa cha kuyeyusha barafu iliyojificha kimeharibika, na hapo ni kazi ya fundi.

Sasa maji. Yakituama chini ya droo za mboga, tafuta kitundu kidogo ukuta wa nyuma ndani ya friji. Kimezibwa na mabaki ya mchicha au wali. Kizibue kwa mrija laini na maji ya vuguvugu. Maji hayo huteremka hadi kwenye trei iliyo nyuma juu ya kompresa, na trei hii karibu hakuna anayeijua. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga katika maji madogo ya namna hiyo, na huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Watu walifukia makopo na kutupa matairi nje, wakasahau kilichomo jikoni. Mwaga na usugue trei hiyo kila wiki.

Kushindilia

Mtume (s.a.w.) aliwahi kuwakataza Maswahaba kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu kwa ajili ya watu wenye dhiki waliofika Madina, kisha baadaye akaruhusu kula, kutoa sadaka na kuweka akiba. Kwa hiyo kuweka nyama si kosa. Kinacholeta maradhi ni kushindilia kwa mkupuo kilo 15 za nyama yenye joto la mnyama katika friza ndogo. Katikati ya fungu hilo nyama itakaa vuguvugu kwa saa nyingi, na vilivyokuwa vimeganda vitaanza kuyeyuka. Fungasha nusu kilo nusu kilo, vifurushi bapa, vitandaze mpaka viwe vigumu ndipo uvipange. Isiyo na nafasi, ina wenyewe mtaani.

Chakula kilichopikwa kisilale juu ya jiko "kipoe kwanza" mpaka asubuhi. Kigawe katika vyombo vipana na vifupi, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, tena kimefunikwa. Kufunika vyombo tuliagizwa na Mtume (s.a.w.) kabla friji haijajulikana. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa ili damu isidondokee saladi.

Na kilichoharibika? Nimesikia wazee wakisema kukitupa ni israfu. Kwa fiqhi tuliyosoma madrasa, chakula kilichooza si lazima kiwe najisi, lakini kula kinachodhuru mwili hairuhusiwi. Israfu ilifanyika siku ya kupika sufuria kubwa kuliko matumbo yaliyokuwepo.

Unapomwita fundi

Friji ikipiga "tak", ikanguruma sekunde chache ikanyamaza, kisha ikarudia hivyo hivyo, aghalabu umeme ni mdogo, au kiwashio cha kompresa kimechoka, au kompresa yenyewe. Ichomoe. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja angalau dakika tano ndipo uiwashe, maana kompresa ikilazimishwa kuanza wakati msukumo wa gesi haujatulia inaweza kuungua. Stebilaiza nzuri husubiri yenyewe. Umeme ukiwa umekatika, usifungue mlango: friji iliyofungwa hushikilia baridi kwa kama saa nne, na friza iliyojaa hata siku mbili, ingawa kwa joto la pwani mimi nisingeenda mpaka mwisho wa hesabu hiyo.

Kuhusu gesi, jueni jambo moja. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka na miaka. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" bila kutafuta tundu na kuliziba anakuuzia kitu kile kile mara nyingi. Mwulize: inavujia wapi? Asome pia kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto. Asiunguze bomba kwa moto kabla ya kuitoa gesi yote, na madirisha yawe wazi.

Friji inayokupiga shoti unapoigusa usiizoee kwa kuvaa kandambili. Waya wa umeme umegusa bodi, na kama waya wa ardhi haupo, mwili wako ndio utakuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Plagi ya pini tatu isikatwe pini moja ili iingie kwenye soketi ya mbili. Chomoa na usiitumie mpaka itengenezwe. Vilevile anayenunua friji ya mtumba asome kibandiko: iwe volti 220 hadi 240. Ya volti 100 kutoka Japani ukiichomeka ukutani kwetu bila transfoma itaungua.

Wenye kisukari nyumbani

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Usiiweke karibu na friza wala igusane na ukuta wa nyuma, kwani iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mgonjwa ataendelea kujidunga, sukari inapanda, na watu watasema ugonjwa umezidi. Kama friji haiaminiki, ni bora kichupa kikae ndani ya chombo kisichopitisha maji, katika chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga mbichi ndani ya chungu kikubwa, kivulini penye upepo. Lakini mwambie tabibu wako, naye akuelekeze ukitumie kwa muda gani.

Na friji iliyokufa kabisa, ikiwa inasubiri mnunuzi wa vyuma chakavu uani, ng'oa mlango wake leo hii. Watoto hujificha humo wakicheza, mlango ukifunga hauwezi kusukumika kwa ndani, na hewa iliyomo haitoshi kwa muda mrefu.

Wabillahi tawfiq.