Seva Mbili, Anwani Moja
Mwongozo wa kuziwezesha faili za ofisi kupatikana hata seva ikizima

Kijitabu hiki ni cha fundi wa TEHAMA katika ofisi ya kadiri, yenye watu 50 au 100 wanaofungua faili zao kutoka seva moja. Ni cha mkuu wake pia, anayetia saini manunuzi. Seva hiyo ikizima saa nne asubuhi, masjala haioni jalada, uhasibu haulipi mtu, na simu ya fundi haipumziki.

Ahadi ya seva kupatikana kwa asilimia 99.9 ya mwaka inasikika vizuri mpaka upige hesabu: asilimia 0.1 iliyobaki ni karibu saa 9. Ukitaka 99.99, unabakiwa na dakika 53 hivi kwa mwaka mzima, na hakuna fundi atakayepigiwa simu, apande daladala, atafute pawasaplai na kuifunga ndani ya muda huo. Ndiyo maana huwekwa seva mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikingoja zamu. Seva zinazopokezana zamu hivyo, bila mtu kugusa kitu, huitwa klasta.

Kununua seva ya pili ni kazi nyepesi. Kazi ni kuhakikisha kwamba hazishiki usukani zote mbili kwa wakati mmoja, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Vya kuwa navyo

Tunatumia programu nne za Linux, zote huria. NFS, iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984, ndiyo inayogawa faili kwa kompyuta za ofisi. DRBD, kazi ya kampuni ya LINBIT ya Vienna iliyoingizwa kwenye kerneli ya Linux mwaka 2010, hunakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya seva A hadi diski ya seva B. Corosync husikiliza kama seva ya pili iko hai. Pacemaker ni msimamizi: huamua nani afanye nini, na lini.

Kwenye DRBD chagua itifaki C. Hapo programu haiambiwi "imeandikwa" mpaka diski zote mbili ziwe zimeandika. Itifaki A ni ya kasi zaidi kwa kuwa haingoji upande wa pili, lakini seva A ikifa ghafla, maandishi yaliyokuwa njiani hufa nayo. Seva zikiwa jengo moja, hatuoni sababu ya kuitumia.

Kila seva iwe na UPS yake, na kebo zinazoziunganisha ziwe mbili, zipite njia mbili. Tumewahi kukuta klasta iliyopangwa kwa ustadi mkubwa ikitegemea ekstensheni moja ya umeme. Tena, DRBD haichukui nafasi ya nakala rudufu: mtu akifuta jalada kwa bahati mbaya, linafutika diski zote mbili papo hapo.

Mafahari wawili zizi moja

Chukulia kebo kati ya seva hizi imekatika, zenyewe zikiwa nzima. Seva B haisikii kitu kutoka A, inadhani A imekufa, inashika kazi. A nayo inadhani B ndiyo iliyokufa, inaendelea. Sasa mhasibu anaandika malipo ya asubuhi kwenye A huku masjala ikiandika barua kwenye B. Kebo ikirudishwa, DRBD inakuta nakala mbili zilizoachana njia, na haina namna ya kuzichanganya. Itabidi useme ipi itupwe. Kama ungekuwa unatumia diski moja inayofikiwa na seva zote mbili, ikiwa na mfumo wa kawaida kama ext4 au XFS, hali ingekuwa mbaya zaidi: zote mbili zingeiandika bila kujuana na kuiharibu.

Dawa yake ni ukali. Kabla B haijashika kazi, ni lazima iwe na hakika kwamba A imezimwa, na hakika hiyo haipatikani kwa kuiuliza A. Inapatikana kwa kuikatia umeme. Wahandisi waliuita utaratibu huu STONITH, jina la mzaha lenye maana ya kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Mafundi wengi huuogopa, wakauzima kwenye Pacemaker ili maonyo yaache kuwasumbua. Ofisi ya namna hiyo ingekuwa salama zaidi na seva moja.

Seva nyingi zina kidhibiti cha IPMI kinachoweza kuizima mashine kupitia mtandao. Kitumie, lakini ujue udhaifu wake: kinakula umeme wa mashine hiyohiyo. Pawasaplai ikiungua, kidhibiti nacho hunyamaza, na B itakaa ikingoja jibu lisilokuja. Kwa hiyo ongeza soketi za umeme zinazoamriwa kupitia mtandao, ziwe njia ya pili.

Kuna pia suala la akidi. Kama kwenye kikao, seva iliyo na wengi upande wake ndiyo yenye haki ya kuamua, ila seva zikiwa mbili tu hakuna wengi. Corosync ina mpangilio maalumu wa seva mbili. Vizuri zaidi ni kuweka kompyuta ndogo ya tatu iwe shahidi. Haishiki faili, inapiga kura tu.

Mpangilio wa kuamka

Pacemaker iambiwe ifuate utaratibu huu: kwanza DRBD ipandishwe cheo kwenye seva inayoshika zamu, kisha diski ipachikwe, NFS iwashwe, saraka zitangazwe, na mwisho kabisa iwekwe anwani ya IP. Anwani hii haina seva yake ya kudumu. Huhama na zamu, na kompyuta za ofisi huijua hiyo tu. Ikitangulia kabla saraka hazijatangazwa, kompyuta zitapata jibu kwamba faili zilizokuwa wazi hazijulikani tena. Kuzima hufuata mpangilio huo kinyumenyume.

Usiiandike diski hiyo kwenye /etc/fstab, wala usiiache NFS ijiwashe yenyewe mashine inapowaka. Msimamizi ni mmoja.

Namba ya fsid ya kila saraka iwe ileile kwenye seva zote mbili, na namba za watumiaji vilevile, la sivyo faili ya mtu mmoja itaonekana ya mwingine. Kumbukumbu za /var/lib/nfs zikae kwenye diski inayohama. Kwenye kompyuta za ofisi tumia chaguo la hard, ili programu ingoje seva irudi badala ya kupewa kosa katikati ya kuandika.

Waeleze wafanyakazi mapema. Zamu ikihama, NFS toleo la 4 hutoa kwa kawaida hadi sekunde 90 ili kompyuta zidai upya faili zilizokuwa zimezishika, na wakati huo skrini inaweza kuganda. Wasizime kompyuta.

Jaribio

Kuiamuru seva A ipumzike kwa hiari si jaribio. Nakili faili ya gigabaiti kadhaa, na katikati ya kunakili chomoa kebo ya umeme ya A. Pima muda kwa saa, kisha linganisha faili ya mwanzo na iliyofika kwa sha256sum. Siku nyingine chomoa kebo za mtandao tu, uone kama ni seva moja pekee inayobaki hai. Fanya hivyo jioni, kwa ruhusa ya maandishi.

A ikirudi, isinyang'anye zamu. Weka uzito wa kubaki kwenye Pacemaker ili faili zikae B mpaka uamue mwenyewe. Na kabla hujaigusa B kwa lolote, hata kupangusa vumbi, tazama DRBD: diski zote mbili ziwe zimeandikwa UpToDate.