Matairi ya Nyuma Yanapoinamia Ndani

Tairi la nyuma laweza kuonekana zima kwa mtu aliyesimama kando ya gari, ilhali ukingo wake wa ndani umelika hadi waya zimetokeza. Hali hiyo huyapata zaidi magari ya zamani yaliyoshuka, yakiwemo yanayobeba abiria kati ya Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu. Kiganja kikipitishwa upande wa ndani wa tairi, gari likiwa limezimwa, hugundua mapema kuliko jicho.

Katika gari ambalo kila gurudumu la nyuma hujitegemea, kama Toyota Mark II na Corolla nyingi za miaka ya 1990, sehemu ya juu ya gurudumu huvutwa ndani kadiri mwili wa gari unavyoshuka. Mafundi huuita mwinamo huo kemba. Kiasi kidogo, pungufu ya digrii 2, si kasoro. Ukizidi hapo, tairi hukanyaga kwa ukingo mmoja, na penye tope au changarawe hupoteza mshiko.

Kushuka kwenyewe kuna asili mbili. Springi huchoka kwa miaka ya mikungu ya ndizi, magunia na abiria waliozidi. Au kijana mpenda mbwembwe huzikata kwa grainda ili gari lilale. Hili la pili ni baya zaidi, kwani springi iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake na yaweza kuhama gari linaporushwa na shimo. Pikapu yenye ekseli moja ngumu nyuma, kama Hilux, haipati kemba kwa kushuka. Gurudumu lake likiinama, ekseli imepinda au beringi imekwisha.

Kipimo hakihitaji mashine. Gari huwekwa mahali tambarare, likiwa tupu na upepo wa matairi ukiwa sawa, kisha husukumwa mbele na nyuma mita chache, maana gari lililotoka kwenye jeki hudanganya. Timazi ya mwashi huning'inizwa kando ya gurudumu, na umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu hupimwa juu na chini. Kwa rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 6 au 7 ni digrii 1 hivi. Tofauti ya milimita 20 yadai fundi.

Hapo ndipo wengi hukosea: hununua tairi jipya, nalo huliwa vilevile. Kazi huanza kwa kurudisha kimo, yaani springi zinazolingana na aina ya gari, zikibadilishwa mbili kwa pamoja. Bushi na mikono iliyochakaa hufuata. Mara nyingi kemba hurudi yenyewe baada ya hatua hizo. Ikibaki, gari ambalo shokapu yake hufungwa kwenye kikombe cha gurudumu kwa bolti mbili laweza kuwekewa bolti maalumu ya kurekebishia, inayosogeza digrii 1 hivi. Mark II huhitaji mkono unaorekebishika urefu. Kupanua tundu kwa tochi ya gesi au kuchomelea mkono uliokatwa si marekebisho. Chuma hicho hubeba watu.

Mwisho kabisa hupangwa mwelekeo wa magurudumu, yaani kama pua zake zinatazamana au zinaachana. Hatua hii haikwepeki, kwa kuwa kila kimo kinapobadilika nao hubadilika, na mara nyingi ndio unaokwangua tairi kuliko kemba yenyewe.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha barabarani gari bovu, na askari wa ukaguzi huinama kutazama ndani ya matairi. Baada ya matengenezo, kiganja kipitishwe tena gari likishatembea kilomita 500: mpira ukiwa laini pande zote, kazi imekubali, ukiwa na makali upande mmoja kama meno ya msumeno, mwelekeo urudiwe kabla ya safari ndefu ya Mugumu.